Namba 412 wa Kapata

— Tharcisse, namba mia ine na kumi na mbili ni nani?

Ndaya aliuliza akiwa mlangoni, hakutaka kukaa. Alikuwa ametoka Kapata, kambi ya wafanyakazi wa mgodi, mpaka Dilala alikokaa Tharcisse, kwa miguu, vumbi limempanda hadi magotini, na mkononi ameshika barua ya kampuni ya mgodi.

Tharcisse Tshimanga aliweka kalamu chini. Hiyo namba aliijua vizuri mno.

Ngoja niwaeleze, msije mkamhukumu kijana wa watu mapema. Tharcisse alikuwa mtoto wa katekista wa Sandoa. Alilelewa misheni, akasoma mpaka chuo kikuu, na mwishoni mwa mwaka 1958 alikuwa anamalizia masomo ya juu. Profesa wake alimpa uchunguzi mmoja: jicho la mfanyakazi linaona nini, na mkono wake unachelewa kiasi gani kujibu. Akashuka Kolwezi, mji wa migodi, na sanduku lake la kupimia macho. Unaweka kidevu, unakazia macho katikati, taa ndogo zinawaka kushoto na kulia, ukiona unabonyeza, naye anahesabu sekunde. Madereva arobaini wa locomotive, vile vichwa vya treni vya mgodini, walipita hapo. Mmoja wao alikuwa mzee Kalombo, tata Kalombo kama walivyomwita, Muluba aliyetoka Kasai, baba mzazi wa Ndaya. Na Ndaya alikuwa mchumba wa Tharcisse, ndoa inangojwa baada ya Pasaka.

Taa za kushoto, Kalombo hakuona hata moja. Tharcisse alirudia mara tatu, jibu likawa lile lile.

Profesa alikuwa na amri mbili: usimwambie mtu matokeo kabla kazi haijaisha, na usiandike majina. Tharcisse alizifuata zote mbili kama sala. Mahali pa jina aliandika namba iliyo kwenye kadi ya kazi. Lo, hapo ndipo alipojikwaa! Huko misheni kila mtu ana jina la mtakatifu wake, basi akadhani namba inamficha mtu. Profesa akapeleka nakala ya matokeo ofisi ya kampuni, kushukuru kwa kukaribishwa, na karani wa kampuni hakuwa na haja ya kutafuta.

— Jina ya tata sikuandika, Tharcisse alisema. Nakuapia, Ndaya. Majina yote nilificha.

— Mu mine, kule mgodini, nani anamwitaka Kalombo? Siku ya posho banaita namba. Ku hospitali, namba. Mutoto wa Kapata wa miaka tano angekwambia. Uliuliza nani?

Hakuuliza mtu. Alichukua barua, akasoma: « Kwa matokeo ya uchunguzi wa macho, 412 hafai tena kuendesha. Nyumba ya kampuni iachwe wazi kwa siku kumi na tano. Tiketi za kurudi Kasai zimeandaliwa. » Miaka ishirini na mitatu ya kazi, imekatwa kwa mistari mitatu.

Basi akafanya ujinga wa wasomi, akajitetea. Akasema sanduku halikudanganya, kwamba siku moja locomotive ingemkanyaga mtu upande ule ule. Ndaya alimwacha amalize.

— Ni kweli, alisema. Pengine umeponesha mutu, sikatai. Lakini ulijua tangu lini?

— Tangu mwezi wa kumi.

— Na leo ni mwezi wa pili. Kila siku ya Mungu unakula kwetu. Ile siku ulisogeza sahani ya samaki ku kushoto ya tata, mukono yake ikapita pembeni, mi nikacheka. Nilizani ni muchezo. Ulikuwa unamupima?

Alitamani kudanganya. Hakuweza.

— Ndiyo.

— Ku meza ya mama yangu.

— Nilikatazwa kusema, Ndaya.

— Hata kwangu?

Hapo Ndaya alilia. Alisema kwa miezi minne baba yake angetafutiwa daktari, angeomba mwenyewe kazi nyingine, angeshuka kwa heshima yake. Kisha akachukua barua yake, akarudi Kapata.

Tharcisse alihangaika jamani. Alikwenda ofisini, wakamwambia mambo yamekwisha. Alimpigia profesa simu kutoka posta, profesa akasikitika kidogo, halafu akasifu matokeo. Alikwenda kumpigia magoti tata Kalombo. Mzee alimwinua, akamwambia macho haya si yeye aliyeyaharibu. Msamaha ule ulimchoma kuliko matusi.

Siku ya safari alimkuta Ndaya ku gare, stesheni ya treni, amesimama kando ya mizigo.

— Baki, alimwambia. Tuoane hata leo, père wa misheni amekubali. Nilikosa. Nakupenda.

— Na mi nakupenda. Ile haikuisha, njo inaniuma.

— Basi baki, Ndaya.

Ndaya alikaza kamba ya mzigo wa mwisho.

— Kila mara utaniangalia, nitajiuliza: anaangalia bibi yake ao anamupima? Siwezi kuishi vile, Tharcisse. Nitachoka, na we utachoka.

Akaenda kumshika baba yake mkono, wakapanda pamoja.

Tharcisse alimaliza masomo, akapewa sifa nyingi, na hazikumwingia hata chembe. Aliandika barua sita kwenda Kasai. Jibu la Ndaya halikuja. Mwezi wa kumi na moja ilifika moja ya tata Kalombo, imeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine kwa sababu mzee hakuona tena:

« Mwanangu Tharcisse, nakusalimia. Ndaya ameolewa hapa na mwalimu, mutu muzuri. Usiandike tena, nakuomba. Kila barua yako inamufanya alie siku mbili, na bwana yake ameanza kuuliza analia juu ya nini. »