Samaki wa Meno Manne

Sokoni walimwita Mama Kisu kwa wepesi wa mkono wake. Kabla mteja hajamaliza salamu, samaki ameshaparuliwa, kichwa kiko kwenye pipa.

Siku moja alibakiwa na samaki mmoja mgeni, mrefu, wa rangi ya fedha. Mchana akamkaanga nyumbani. Ini alimpa mumewe, fundi viatu, aliyelipenda kupita kiasi. Yeye mwenyewe alikuwa hajaonja.

"Leo umenikumbuka, mke wangu," fundi alisema, akilamba vidole.

Haikupita saa. "Mbona midomo imekufa ganzi?" aliuliza huku akicheka. "Umenilisha nini wewe?" Mikono ikalegea, kisha miguu. Walifika hospitali akiwa macho, anasikia kila neno, lakini pumzi hazivutiki. Alasiri akakata roho.

Kesho yake bwana samaki, yaani ofisa wa uvuvi pale sokoni, alikuja msibani na kichwa cha yule samaki, amekiokota kwenye pipa la sokoni.

"Pole sana, mama. Huyu ni bunju."

"Bunju namjua. Ana madoa na miba. Huyu alikuwa laini."

"Bunju ni ukoo mzima, si samaki mmoja. Wataalamu hawapangi koo kwa rangi. Tazama kinywa. Meno mawili juu, mawili chini, makubwa, yamebanana kama mdomo wa kasuku. Hata jina waliloupa ukoo huu maana yake ni meno manne. Wengi wao wana sumu, na moto hauiondoi. Ukiyaona meno haya, usile, usiuze. Na mtu akila samaki akapata ganzi midomoni, mkimbizeni hospitali hapo hapo."

Hasira zikampanda Mama Kisu. "Maneno haya ulikuwa nayo wapi siku zote?"

"Yako kwenye ubao, ofisini kwangu."

"Kwani sisi tunaparulia samaki ofisini kwako?"



Wiki iliyofuata ubao ulihamia penye meza za kuparulia. Sasa kila mmoja hufungua kinywa cha samaki kabla ya kushika kisu. Bunju wanne wamepatikana, wakafukiwa.

Mwisho wa mwaka bwana samaki alipita na karatasi, uso umemkunjuka. "Naandika taarifa, mama. Tangu ubao uhamie, soko letu halina kifo hata kimoja cha bunju."

"Kabla yake kipo kimoja," Mama Kisu alisema. "Mwandike mume wangu. Andika na ubao ulikuwa wapi siku ile."