Kitanda cha Mbao za Chukudu

"Mama, hizi si kuni. Hiki ni chukudu, kimebeba mizigo ya watu miaka kumi. Niuzie mimi."

"Na mimi nilishaweka mukono juu yake," sauti ya kiume ikajibu nyuma yake.

Ilikuwa Birere, sokoni Goma, Ijumaa asubuhi, mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla mlima wa moto haujapasuka. Wapagazi walikuwa wakipiga mbinja ili wapishwe, wamama waliotoka Gisenyi wakishusha vikapu vya nyanya, na harufu ya samaki wakavu ilikuwa imechanganyika na ya petroli. Shakila binti Mahamudi alikuja huko kila Ijumaa kabla ya swala kutafuta vitu vilivyotupwa: rimu za baiskeli, makopo ya mafuta ya msaada, matairi yaliyolika. Makopo aliyatoboa kwa msumari yakawa taa. Rimu alizifunga vioo. Matairi aliyazungushia kamba yakawa viti vya sebuleni. Alikuwa na miaka ishirini na sita, gauni la kitenge rangi ya ndizi mbivu, mtandio mweusi ulioteleza hadi mabegani, na vidole vyenye makovu ya bati.

Chukudu kile, baiskeli ya mbao inayosukumwa kwa mguu, kilikuwa kimevunjika shingo na kulazwa kwa muuza makaa kikingoja shoka. Shakila alikishika upande mmoja. Upande wa pili alikishika kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu na penseli sikioni.

"Wewe unataka kukifanyia nini?" akauliza kijana.

"Rafu ya vitabu."

"Mbao imekauka hivi, nzito hivi, unaiwekea vitabu! Mi ninatafuta miguu ya meza."

"Eh! Miguu ya meza inakosekana Goma muzima mpaka unyang'anye mutoto wa mutu?"

Muuza makaa akaguna. "Mukimaliza kuoana mutaniambia nani analipa."

Watu wakacheka. Shakila akavuta mtandio kichwani, uso ukimwaka. Kijana naye akacheka, kisha akasema polepole, "Naitwa Védaste Habiyaremye. Atelie yangu ya useremala iko Buhene. Mi nitakata, wewe utapamba. Tubebe pamoja."

"Sijakubali."

"Shika upande ule basi. Utakataa tukifika."

Hakukataa walipofika.

Védaste aliunga mbao bila msumari hata mmoja. Zilikuwa zikiingiana kama vidole vya mtu anayeomba. Shakila naye hakuruhusu kitu kitupwe, hata vumbi la mbao alilijaza kwenye mito ya viti. Waligombana kutwa juu ya rangi na vipimo, na jioni simu ikaanza.

"Allô, Shaki. Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mi nimekula vumbi. Sikia, nimeona kitu leo. Kioo cha mbele cha lori, hakina ufa hata kidogo."

"Védaste, ukiniletea maua nitayatupa. Kioo, kilete sasa hivi."

"Ninakupenda, wewe mwanamuke wa takataka."

"Lete kioo kwanza."

Baba yake Shakila, Papa Mahamudi, alikuwa mfanyabiashara mwenye lori ambaye babu yake alitoka Kasongo, Maniema. Nyumba yao ilikuwa Murara. Siku Shakila alipotundika mlangoni pazia la vifuniko vya chupa, mzee alikisoma kifuniko kimoja kimoja.

"Vifuniko vya bia, mulangoni mwa nyumba ya swala?"

"Papa, bia yenyewe ilishanywewa na wengine."

Mzee alicheka bila kutaka. Lakini habari ya fundi kutaka kumuoa ilipoletwa, hakucheka. "Mikono yake ni mizuri, sikatai. Ila ni mutu wa Rutshuru, na si wa dini yetu. Mungoje kwanza."

Wakangoja. Katika kungoja huko, Védaste akaanza kitanda. Kila chukudu kilichovunjika alichokipata, alitoa ubao wake bora akauweka kando. Wateja walipouliza bei alisema, "Hiki hakiuzwi." Shakila alijifanya hasikii, akaendelea kutoboa makopo yake, akitabasamu chini chini.

Mwezi wa tano mwaka 2021 walikuwa na kazi kubwa kuliko zote: viti kumi na viwili, taa ishirini na kioo cha ukutani kwa Henriette, mjane aliyekuwa akifungua mgahawa Himbi, karibu na ziwa. Jumamosi moja, jua lilipozama, anga juu ya mlima halikuzima. Lilizidi kuwa jekundu. Shakila alidhani nyumba ya mtu inaungua. Kisha akasikia Buhene nzima ikikimbia.

"Védaste, toka! Toka!"

Alikuwa amerudi ndani. Alipotoka, alikuwa na mbao ndefu za kitanda begani.

"Acha mbao, tutakufa!"

"Siachi. Shika nyuma."

Akashika nyuma. Walikwenda hivyo katikati ya watu wenye magodoro, mbuzi na wagonjwa migongoni, mbao zikiwapiga mabega, na joto likiwafuata kama pumzi ya mnyama. Nyuma yao atelie ilishika moto pamoja na viti vyote kumi na viwili.

Walipoweza kurudi Buhene, moto wa mlima ulikuwa umeganda kuwa jiwe jeusi hadi juu ya madirisha, bado likitoa moshi. Védaste akaketi juu yake, akacheka hadi machozi yakamtoka. Shakila hakumfariji. Alichukua koleo, akavuta manjanja, yale mabati ya paa, yaliyojipinda kwa moto kama majani makavu.

"Hii itakuwa taa," akasema. "Inuka."

Wakaanza upya katika ua wa Papa Mahamudi. Henriette alingoja miezi minne, na alipoletewa taa za manjanja yaliyopindwa na mlima, alizizunguka, kisha akasema hataki nyingine maishani mwake. Kitanda nacho kilisimama chini ya kibanda, kikikosa kichwa tu.

Kufikia mwaka uliofuata waasi walikuwa wamerudi kwenye vilima vya Rutshuru. Mwisho wa mwezi wa kumi mwaka 2022, watu walipoanza kuukimbia mji wa Kiwanja, huko Rutshuru, Védaste alifunga viatu.

"Mama yangu yuko pale peke yake. Ninamuchukua, siku mbili niko hapa."

"Nipigie kila saa."

"Kila nusu saa, chérie."

Alipiga mara tatu. Siku ya tatu barabara ikakatika, na simu yake ikawa inasema haipatikani.

Wiki sita Shakila alipiga namba ile, asubuhi, mchana na jioni. Mtaani watu wakaanza kusema. Grégoire, aliyekuwa na kibanda cha kuchaji simu kwenye kona, alikuwa wa kwanza: "Fundi yako wamemuona kwenye kambi ya Rumangabo. Anatengenezea waasi vitanda. Batu wa kule ni wamoja, Shakila, ulikuwa huoni tu." Shakila alimfukuza kwa maneno makali, lakini usiku maneno ya Grégoire yalikuwa yakibaki naye chumbani.

Kisha mchana mmoja namba ile ikaita. Ikapokelewa.

"Allô? Védaste? Mpenzi wangu, uko muzima?"

Pumzi tu.

"Védaste, sema kitu!"

"Sikujui," akasema. Ilikuwa sauti yake, hakuna mashaka. "Usinipigie tena." Ikakatika.

Shakila alikaa chini palepale, kando ya makopo yake, simu ikiwa bado sikioni.

Siku nne baadaye, vijana kama kumi wa mtaa walifika mlangoni. Hawakuwa wageni, baadhi yao alisoma nao. Papa Mahamudi alikuwa safarini.

"Tunasikia hapa munaficha vitu vya mutu wa waasi. Yule Védaste ni nani kwako?"

Aliwaogopa. Na chini ya hofu kulikuwa na lile neno, sikujui, bado bichi.

"Simujui," akasema Shakila. "Alikuwa fundi wa kulipwa tu."

Wakampita. Walibeba randa, misumeno na patasi za Védaste. Walibeba kitanda. Wakavirundika vyote katikati ya barabara, tairi juu yake, na mbao zile zilizokauka hazikuhitaji kushawishiwa kuwaka. Shakila alisimama mlangoni, pazia la vifuniko likimgusa bega, akatazama hadi mwisho.

Miezi miwili hakugusa kopo.

Henriette ndiye aliyemtafuta. Alikuja kwa pikipiki, viatu vyake vizuri vya Himbi vimejaa vumbi jeusi. "Nilikwenda Kanyaruchinya na wamama wa kanisa kupeleka unga kwa wakimbizi. Ndani ya hema moja nikaona kabati, limetengenezwa na makopo na mbao za masanduku. Halina msumari, Shakila. Hata mumoja."

Shakila alivaa mtandio akiwa tayari njiani.

Kanyaruchinya ilikuwa turubai nyeupe juu ya jiwe jeusi, maelfu kwa maelfu, na moshi wa jikoni ukiuma macho. Aliulizia kabati, watu walilijua. Alimkuta Védaste ameinama mbele ya hema, amekonda, ovaroli ikimning'inia. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimepona vibaya, vimekakamaa kama vijiti.

"Ulirudi lini?" akamuuliza. Sauti yake haikuwa na salamu.

Védaste hakuinua kichwa. "Wiki tatu."

"Wiki tatu! Kutoka hapa mpaka Murara ni saa mbili za muguu!"

"Nilifika. Nilifika mpaka kwenye kona. Grégoire akaniambia nisiendelee. Akaniambia ulisema haunijui."

"Wewe ulisema hivyo kabla yangu," akasema Shakila. "Kwenye simu."

"Muasi mumoja alikuwa amesimama hapa." Védaste aligusa shingo yake. "Anasikiliza. Walitukamata na mama njiani, wakanitia kazi ya milango na vitanda vyao. Kila aliyepigiwa simu na mutu wa Goma walisema ni mupelelezi. Niliposema sikujui, hakuamini, akavunja hivi vidole. Lakini namba yako waliifuta, wakaacha kuuliza, na usiku mumoja tukawatoroka." Sasa alimtazama. "Mi nilikukana ili wasikufikie. Wewe ulinikana ju ya nini?"

Lilikuwa swali la haki, na Shakila hakulikwepa.

"Ju ya uoga," akasema. "Na hasira. Kitanda wamekichoma, Védaste. Na vyombo vyako. Nilikuwa mulangoni. Niliangalia tu."

Védaste aliinamia mbao zake tena. Kisha akasema, "Nenda nyumbani, Shakila." Hakumwita Shaki.

Alikwenda. Njiani akasimama kwenye kibanda cha Grégoire, mbele ya vijana walewale waliokuja kuchaji simu.

"Nilidanganya," akasema. "Védaste ninamujua. Alikuwa ananijengea kitanda cha ndoa, mukakichoma. Mukitaka kunichoma na mimi, nyumba munaijua." Mmoja alitazama chini. Mwingine alitema mate. Jioni ile Papa Mahamudi aliyasikia yote kwa watu, akampiga marufuku kutoka nje. Kesho yake asubuhi alitoka.

Alirudi Kanyaruchinya siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Védaste hakumsemesha. Ni mama yake, Nyiransengimana, aliyempokea: mwanamke mfupi, mwepesi wa ulimi, aliyekaa kwenye bidoni ya maji kama malkia.

"Wewe ndiye uliyesema haumujui mutoto wangu?"

"Ni mimi, mama."

"Ulifanya vibaya sana."

"Ndiyo, mama."

"Basi usisimame kama muti. Hema hii ni mbaya kama ghala. Fanya kitu."

Shakila akafanya. Alikata makopo ya mafuta yakawa maua ya ukutani. Aliunga vipande vya vitenge vilivyochakaa, akagawa hema kwa pazia. Mabati mawili aliyoyavuta kwenye jiwe akayapinda yakawa kitako cha taa. Majirani wakaja kutazama, kisha wakaja na makopo yao: mwanamke mmoja wa Rugari alitaka ua moja tu, aliweke pale ambapo mumewe angekuwa analala. Mizinga ilikuwa ikilia upande wa Kibumba, wakati mwingine karibu, na mikono ikaendelea.

Siku ya tisa, Védaste alikuwa akihangaika kubana mbao mbili. Vidole vilivyokufa havikushika. Shakila alikuja akabana upande ule.

"Si hivyo," akasema Védaste. "Juu kidogo."

"Hapa?"

"Hapo. Usiachilie."

Ubao ukaingia. Hakuna aliyeondoa mkono. Mchana ulikuwa mkali, na Nyiransengimana alikuwa amelala nyuma ya pazia.

"Nioe," akasema Shakila.

"Umerukwa na akili. Sina nyumba. Sina vyombo. Angalia huu mukono."

"Atelie yako ililiwa na mulima, kitanda chetu nilikilinda vibaya mimi mwenyewe. Unangojea nyumba gani? Ile ambayo haitaguswa na kitu? Haiko, Védaste. Katika Goma hii haijajengwa."

"Bado nina hasira na wewe."

"Njoo nayo."

Védaste alifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akafuta tena.

"Mutoto wangu, jibu!" sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Nimechoka kujifanya nimelala."

Védaste alicheka, kwa mara ya kwanza tangu alipokwenda Kiwanja, na kicheko kikamgeukia kilio katikati. "Ndiyo, Shaki," akasema. "Ndiyo."

Papa Mahamudi alikasirika wiki tatu kamili. Wiki ya nne aliuliza, akitazama pembeni, kama ni kweli vidole vilivunjwa kwa ajili ya namba ya binti yake. Alipojibiwa kuwa ni kweli, alikwenda kuosha lori lake.

Walifunga ndoa ya serikali kwenye ofisi ya komini mwisho wa mwezi wa tatu, Shakila kwa kitenge cha kuazima kwa Henriette, Védaste kwa suruali iliyomzidi urefu. Mzee alikaa kiti cha mwisho nyuma, hakupiga makofi. Lakini baada ya hapo aliwasha lori lake bila kumwambia mtu anakokwenda, akapanda barabara ya Kanyaruchinya, akasimama mbele ya hema, akamfungulia Nyiransengimana mlango wa mbele.

"Panda, mukwe wangu. Chumba kimoja kiko bure."

"Siendi bila kabati yangu," akasema mwanamke yule.

Kabati likapakiwa. Wakateremka kuelekea Murara, wazee wawili mbele wakibishana juu ya dirisha lifungwe au liachwe wazi, na nyuma, juu ya bodi tupu ya lori, Shakila na Védaste wakiwa wamesimama, kila mmoja ameshika kabati upande wake lisianguke kwenye mawe.