Mashine ya Ukutani

Kifaranga huanza kulia kabla hajatoka. Siku ya kumi na tisa au ya ishirini, ukitega sikio kwenye mlango wa mashine, utamsikia akiwa bado ndani ya yai. Mmoja akianza, mwingine humjibu. Baada ya saa chache, mashine nzima inaongea.

Mama Vifaranga aliipenda siku hiyo kuliko zote. Yeye na mumewe walikuwa na mashine mbili za kutotolesha mayai ya kuku katika chumba kimoja cha nyumba yao. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa akitengeneza friji mbovu. Alichukua friji mbili zilizokufa kabisa, akazitia taa za joto, feni ndogo, sahani za maji na trei za mayai. Kisha akazitoboa matundu ya hewa. Moja waliiweka karibu na dirisha, nyingine wakaiegemeza ukutani. Basi wakaziita ya dirishani na ya ukutani. Kila moja ilibeba mayai mia. Kila baada ya wiki tatu awamu moja ya vifaranga ilitoka, wafugaji wakaja na maboksi yao, na maisha yakaenda.

Mashine ya ukutani ilikuwa na mlango wa chini, lazima uchuchumae. Mgongo wa Fundi haukuruhusu kuchuchumaa. Kwa hiyo mkewe ndiye aliyeihudumia, na Fundi akabaki na ya dirishani.

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na chumba cha wazazi wa Fundi. Humo baba yake aliugua kifua kwa miezi mitano. Alipofariki, kitanda chake kilibaki palepale, kichwa kikiwa kimeelekea ukutani, na mama mkwe aliendelea kulala hapo.

Ndipo mambo yalipoanza.

Awamu ya kwanza baada ya mazishi, siku ya ishirini, Mama Vifaranga alichuchumaa mbele ya mashine ya ukutani. Vifaranga walikuwa wakilia, wengi tu. Akaenda kuchota maji. Aliporudi, sauti zilikuwa zimepungua. Akakaa sakafuni, mchana kweupe, akasikiliza zile za trei za nyuma zikikatika moja moja. Ikabaki moja. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Kisha nayo ikakata.

Walipovunja yale mayai, vifaranga walikuwa wamekamilika. Walikuwa na manyoya na kucha, macho wameyafumba. Wote walikuwa wameinua midomo upande mmoja, kama wanaotafuta kitu juu yao. Sitini kati ya mia walikufa hivyo. Mashine ya dirishani ilipoteza kumi tu, kama kawaida.

Awamu iliyofuata, hivyo hivyo.

Katika siku hizo Mama Vifaranga alikuwa na mimba ya miezi saba. Ikaharibika. Alirudi kutoka hospitali amenyooka kama ubao, hasemi. Kwa kuwa hakuweza kuchuchumaa, awamu hiyo Fundi aliuvumilia mgongo wake akahudumia ya ukutani, na mkewe akachukua ya dirishani. Awamu iliyofuata kila mtu alirudi kwenye mashine yake. Vifaranga wa ukutani waliendelea kunyamaza.

Ilipokwisha awamu ya nane tangu waanze kazi hiyo, mama mkwe alimwita Fundi pembeni.

"Mwanangu, sitaki kumsingizia mtu," alisema. "Lakini mkono wa mkeo umebeba kitu. Anachokigusa hakifiki. Mpumzishe asiingie chumba kile."

"Mama, hayo maneno mazito."

"Najua ni mazito. Nyumba hii haijatulia. Mimi nalala humu, najua ninachokisema."

Maneno hayakukaa ndani. Mama mkwe aliyakabidhi kwa jirani mmoja, na ndani ya siku mbili yalikuwa yamezunguka mtaa. Wanawake waliokuja kununua vifaranga walianza kumwomba Fundi awahesabie yeye mwenyewe. Jioni moja Fundi alimwambia mkewe, bila kumtazama, "Pumzika kidogo. Awamu hii niachie mimi."

Mkewe alielewa. Aliweka ufunguo wa chumba mezani, akatoka.

Jirani yao mmoja alikuwa karani wa takwimu katika kiwanda cha maziwa. Watu walimwita Karani tu. Jumapili mchana alikuja kuulizia vifaranga alioagiza, akamkuta Mama Vifaranga kakaa kwenye kizingiti, mikono ameificha ndani ya kanga.

"Dada, mbona hivyo?" Karani aliuliza.

Mama Vifaranga akamweleza yote. Alieleza taratibu, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Mwisho akasema, "Hata mimi nimeanza kuamini. Nikiitazama mikono yangu naiogopa."

Karani alikaa kando yake. "Mumeo anaandika kumbukumbu?"

"Anaandika kila kitu. Tarehe, mashine, nani kahudumia, mayai mangapi, wangapi wamekufa. Ni tabia ya ufundi."

"Basi mwambie alete daftari. Mimi nakwenda kuchukua kompyuta yangu."

Walikaa kwenye meza ya sebuleni. Fundi alikuja na daftari, uso wake haukuwa na furaha. Mama mkwe alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Hii ni programu ya kuchambua takwimu za biashara," Karani alisema. "Kazini tunaitumia kujua maziwa yanaharibikia wapi. Ziko nyingi za namna hii, na baadhi hazilipiwi. Dada, utaandika wewe."

"Mimi? Sijawahi."

"Ndiyo maana utaandika wewe."

Kwenye skrini kulikuwa na visanduku vitupu, safu kwa safu. Karani alimwonyesha mstari wa juu kabisa. Hapo Mama Vifaranga aliandika vichwa: Tarehe, Awamu, Mashine, Mhudumu, Mayai, Waliokufa.

"Sasa kila mstari ni habari ya mashine moja kwa awamu moja," Karani alisema. "Kila kisanduku kinabeba jambo moja tu. Penye namba, weka namba tupu. Usiandike 'kama sitini hivi', kwa sababu kompyuta haiwezi kujumlisha maneno."

Aliandika kwa kidole kimoja. Fundi alimsomea. Awamu nane, mashine mbili, mistari kumi na sita. Ilichukua karibu saa nzima. Kutoka chumba cha mashine kulisikika mvumo wa feni.

"Hifadhi kwanza," Karani alisema. "Umeme hauna rafiki. Sasa tazama safu ya mashine. Umeona kosa?"

Mama Vifaranga alitazama kwa makini. "Hapa nimeandika 'ukutani'. Hapa 'ukuta'. Hapa 'ya ukutani'."

"Wewe unajua ni mashine moja. Programu itahesabu mashine tatu. Inachukua ulichoandika, haikisii. Sahihisha zote zifanane."

Alipomaliza, Karani alimfundisha kutengeneza jedwali la muhtasari. Alichagua takwimu zote, akabonyeza, na upande wa kulia vikatokea vile vichwa alivyoandika. Ungeweza kukikamata kichwa kimoja na kukiburuta unapotaka.

"Anza na lile swali linalowaumiza," Karani alisema. "Buruta 'Mhudumu' kwenye mistari. 'Mayai' na 'Waliokufa' kwenye hesabu."

Jedwali dogo likajichora lenyewe. Lilikuwa na mistari miwili tu. Fundi: mayai mia nane, waliokufa mia moja na thelathini. Mkewe: mayai mia nane, waliokufa mia tatu na thelathini.

Karani alimwongezea safu ya asilimia. Kwa Fundi, kumi na sita. Kwa mkewe, arobaini na moja.

"Imesema nini?" mama mkwe aliuliza kutoka mlangoni.

Mama Vifaranga alijibu mwenyewe. "Imesema ni mimi."

Alivuta mikono kutoka kwenye kompyuta na kuiweka mapajani. Fundi alitazama sakafu. Mvumo wa feni ulionekana kuongezeka.

"Bado," Karani alisema. "Hiyo ni sehemu ambapo wengi husimama, na ndiyo sehemu mbaya ya kusimama. Tumeuliza nani. Hatujauliza wapi. Rudisha mikono, dada. Buruta 'Mashine' uiweke chini ya 'Mhudumu'."

Alisita, kisha akaburuta. Jedwali likapasuka, mistari miwili ikawa minne.

"Soma," Karani alisema.

"Mimi, dirishani. Mayai mia moja, waliokufa kumi." Aliacha kusoma. "Ni ile awamu niliyotoka hospitali."

"Endelea."

"Fundi, dirishani. Mayai mia saba, waliokufa sabini."

"Kumi katika kila mia. Sawasawa na wewe. Endelea."

"Fundi, ukutani. Mayai mia moja." Sauti yake ilibadilika. "Waliokufa sitini."

Fundi aliinua kichwa. "Sitini? Nilihudumia mimi mwenyewe awamu ile. Mke wangu hakukanyaga pale."

"Umeona, shemeji?" Karani alisema. "Mkono wake ulipokwenda dirishani, vifaranga walipona. Mkono wako ulipokwenda ukutani, walikufa. Mkeo anaonekana mbaya kwa sababu awamu saba kati ya nane ndiye aliyeibeba mashine mbaya."

Mama Vifaranga hakulia. Alisogeza kiti karibu na meza. "Tunaweza kuuliza lini?" alisema.

Karani akatabasamu. "Hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja."

Wakatengeneza chati ya mstari. Tarehe chini, waliokufa pembeni, kila mashine na rangi yake. Mstari wa dirishani ulikwenda tambarare mwanzo hadi mwisho. Mstari wa ukutani ulikwenda nao sambamba kwa awamu mbili, halafu ukapanda ghafla na haukushuka tena.

Karani aliweka kidole pale ulipopanda. "Awamu ya tatu kulitokea nini?"

Fundi alisoma tarehe, kisha akaisoma tena. "Ndiyo wiki tuliyomzika baba."

Sebule ikapoa. Mama mkwe alishika mwimo wa mlango.

"Programu imetuambia wapi na lini," Karani alisema polepole. "Kwa nini, haijui. Hilo halimo kwenye daftari. Tunakwenda kutazama kwa macho."

Waliingia chumba cha mashine wote wanne. Fundi na Karani waliivuta mashine ya ukutani mbele. Haikuwa imesogezwa tangu siku ilipowekwa, na miguu yake ilikwaruza sakafu. Fundi alipiga magoti na kuchungulia nyuma.

"Tundu kubwa la hewa," alisema. "Lina kitu."

Akavuta. Ilitoka shali ya kijivu, imekunjwa na kushindiliwa kwa nguvu. Aliitambua kabla haijamaliza kutoka. Ilikuwa ya baba yake.

Mara tu shali ilipotoka, sauti ilianza. Ilitoka tunduni, ikagonga ukuta na kurudi, ndefu, yenye kukwaruza. Ikasita. Ikaanza tena. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye kifua kibovu akihema.

Mama Vifaranga alirudi hatua moja. Mama mkwe hakurudi. Alikuwa amefumba macho.

"Unamsikia?" alisema. "Niliwaambia nyumba haijatulia. Tangu siku ile tulipotoka kuzika, kila nikilala namsikia anahema kichwani pangu. Nikaufuata ukuta, nikaona ni nyuma ya mashine. Nikapenyeza mkono nikamfunika, apumzike. Akanyamaza."

Fundi aliweka kiganja juu ya tundu. Sauti ikakoma. Akakiondoa, ikarudi.

"Mama, ni feni," alisema kwa upole. "Joto likipanda inasukuma hewa, likishuka inasimama. Tundu linatazama ukuta, na upande wa pili ndiko kitanda kilipo. Sauti hii ilikuwapo tangu zamani. Baba alipokuwa hai, kuhema kwake mwenyewe kuliifunika."

Mama mkwe alisikiliza kwa muda mrefu. Karani akasema, bila haraka, "Kifaranga akikaribia kutoka anahitaji hewa nyingi kuliko siku zote. Tundu likizibwa, wadogo hawadhuriki sana. Hawa waliokomaa ndio wanaokosa pumzi."

"Basi niliwaziba pumzi," mama mkwe alisema. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, shali magotini.

Mama Vifaranga ndiye aliyechuchumaa mbele yake. "Mama, hukujua."

"Na wewe je? Niliyosema juu yako, nilijua?"



Kabla ya kuondoka, Karani aliwaonya wasibadilishe mambo mengi kwa pamoja. "Mkibadilisha joto, maji na mayai siku moja, hamtajua kilichosaidia. Badilisheni hili moja, mwandike, mtazame." Kwa hiyo tundu lilibaki wazi na mashine ikarudi palepale. Fundi alihamisha kitanda cha mama yake upande wa pili wa chumba. Mama Vifaranga akachukua ufunguo wake mezani.

Wiki tatu baadaye, kutoka mashine ya ukutani walitoka vifaranga tisini na mmoja. Aliingiza namba hiyo mwenyewe, na mstari kwenye chati ukaanguka hadi ulipokutana na wa dirishani. Baada ya hapo aliandika kila awamu. Aliongeza safu ya shamba yalikotoka mayai, na haikupita miezi miwili kabla hajagundua shamba moja lililokuwa likiwauzia mayai yaliyokaa muda mrefu. Wakaliacha.

Asubuhi ya vifaranga tisini na mmoja, mama mkwe alivaa nguo ya kutokea. "Hawa waliokwisha kuagizwa tutawapeleka wenyewe, mimi na wewe," alimwambia mkwewe. Wakaenda nyumba kwa nyumba. Katika kila nyumba ambayo maneno yake yalifika, alisimama mlangoni kabla ya kukaribishwa.

"Nilisema mkono wa mkwe wangu unaua vifaranga," alisema. "Si kweli. Ulikuwa mkono wangu. Niliziba hewa kwa kutokujua."

Wengine walimjibu yaishe. Wengine walitaka kucheka, wakaona uso wake, wakaacha. Mama Vifaranga alisimama kando yake kila mara, boksi limejaa mikononi, akingoja amalize ili waende nyumba inayofuata.