Namba za Binti wa Fundi Cherehani

Kila asubuhi binti aliamka na kichwa kinamuuma. Mama yake, fundi cherehani, alimpa kidonge cha maumivu. "Punguza hiyo simu," alimwambia, huku akiendelea kushona.

Siku moja binti alianguka darasani. Mama alipopata habari, aliliacha gauni la mteja chini ya sindano, akatoka mbio. Roho ilikuwa juu. Miaka mitatu nyuma, kaka yake binti alianguka vivyo hivyo. Alikuwa na miaka kumi na saba. Hakuamka tena. Watu walisema karogwa, na mama aliamini.

Kwenye kliniki alikopelekwa, muuguzi alimfunga binti mkanda wa kupimia.

"Presha imepanda," alisema. "158 kwa 102."

"Presha? Ana miaka kumi na minne, dada! Huo si ugonjwa wa wazee?"

"Hata vijana wanaupata, mama. Ila amekuja na hofu, na mkanda huu unambana. Ukibana, namba inapanda bure. Tumpumzishe, tutumie mkubwa."

Baada ya dakika tano alipima tena. 152 kwa 98.

Siku hiyohiyo daktari alipima damu na mkojo, akapiga picha ya figo.

"Figo zina makovu, nayo yanapandisha presha," alisema. "Sehemu zilizoharibika haziponi. Tulinde zilizobaki."

Mama akauliza, "Na kaka yake, daktari? Ilikuwa presha?"

"Aliwahi kupimwa?"

"Hapana."

"Basi siwezi kujua, mama."

Mama alilia mpaka sauti ikamkauka.

Walipewa dawa na mashine ya presha ya kuazima. Muuguzi aliwafundisha. "Pima asubuhi kabla ya dawa, na jioni. Pumzika dakika tano. Egemeza mgongo, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo. Usiongee. Tulia kama unapigwa picha ya kitambulisho! Pima mara mbili, andika zote."

Wiki ya kwanza daftari lilijaa namba nzuri. Lakini kichwa hakikuacha kuuma. Mama alibonyeza kumbukumbu ya mashine. 148. 151. 149.

"Unaandika uongo?"

Binti aliinamisha kichwa. "Nilitaka uache kulia, mama."

Mama alimvuta kifuani. "Nitalia, mwanangu. Wewe andika ukweli."

Kesho yake walimpelekea daktari namba za kweli. Aliongeza dawa. Nyumbani, chumvi ilipungua kwenye sufuria. Mama alisimamisha cherehani kila wakati wa kupima, chumba kikawa kimya.

Baada ya miezi miwili, mashine ya kliniki ilisoma 118 kwa 74. Kichwa kilikuwa kimeacha kuuma.

"Makovu yapo," daktari alisema, "lakini hayajaongezeka. Dawa asiache."

Mama hakushangilia. Alikunja mkono wa gauni lake, akakaa kwenye kiti alichokuwa amekalia binti.

"Sasa nipime mimi," alimwambia muuguzi. "Huyu bado ananihitaji."