Kikapu cha Gramu Mia Mbili na Arobaini

Foleni ya malori ilikuwa imefika hadi mbele ya ofisi ya vifurushi, na Atuganile ilimbidi apite ubavu katikati ya malori mawili, vikapu vikining'inia mikono yote miwili. Alivaa gauni la kitenge la njano ambalo vumbi la Tunduma lilikuwa limekwisha kulibadilisha rangi. Alipofika mlangoni kikapu kimoja kikamponyoka, kikabingirika hadi miguuni pa kijana aliyesimama nyuma ya mizani, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, kalamu sikioni. Ulezi ukamwagika sakafuni.

"Dada, unasafirisha kikapu au unasafirisha shamba?"

"Nisaidie kuokota, utani baadaye."

Kijana akapiga magoti. "Naitwa Enoka. Nakutajia ili ujue nani amekuokotea."

"Atuganile. Na hizo punje zimehesabiwa."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Yeye hakucheka, kwa maana alikuja na shida. Mama yake, Tabita, alisuka vikapu vya ukindu kule Itumba. Atuganile aliviuza kwenye mnada wa mtandaoni: watu wa nchi za mbali wanapandishiana bei, wa juu anachukua, analipa bei yake pamoja na usafiri ambao muuzaji aliuandika tangu mwanzo. Mama mmoja wa Nyuzilandi alikuwa ameshinda kwa dola thelathini na moja. Usafiri, Atuganile aliandika dola kumi na mbili.

Enoka alipima uzito, akazungusha futi ya fundi, akapiga hesabu. "Hamsini na nane. Hizo kumi na mbili ulizitoa wapi?"

"Nilishatuma kifurushi Nairobi kwa mjomba."

"Basi huyu mama umemfikisha Nairobi, ukamwacha stendi."

"Kaka, usinicheke. Nimeshaghairi mauzo mara mbili. Ya tatu wananifungia akaunti."

Enoka akaitoa kalamu sikioni. Sauti yake ilibadilika. "Usighairi. Mwandikie ukweli kwamba ulikosea, umwombe akubali njia ya posta ya polepole. Na huu ulezi utoke."

"Hautoki. Mama yangu hatoi kikapu kitupu. Kila kimoja anakitilia konzi za ulezi, anakiombea, ndipo kinatoka."

"Mungu ambariki. Lakini unalipia uzito wake, na forodha ya kule wakikuta punje watachoma kikapu na baraka za mama humo humo."

Siku hiyo Atuganile aliumwaga ulezi wa mama yake kwenye mfuko wa rambo. Yule mama wa Nyuzilandi akakubali kusubiri, na akaunti ikapona.

Enoka akawa mwalimu wake. Alimfundisha kwamba ndege hailipishi kilo peke yake, inalipisha na nafasi, hivyo kikapu kidogo kilale ndani ya kikubwa. Alimfundisha kuandika usafiri wa kila bara kivyake. Alimfundisha kujaza fomu ya forodha: yaliyomo, uzito, thamani. "Usiache mahali wazi," alisema kila mara. "Forodha hawapendi nafasi tupu." Na kati ya fomu na fomu, simu zikaanza.

"Umekula, mzito wangu?"

"Mzito wako nani?"

"Kilo sitini na moja. Siku ile ulikanyaga mizani ukidhani sioni."

"Enoka! Hiyo namba ifute kichwani leo hii."

"Siifuti. Ndiyo namba pekee hapa ofisini ninayoikariri kwa moyo."

Jumapili walikaa benchi moja kanisani. Mwezi wa tano, wazee wa Enoka wakatoka Mbozi na barua ya posa hadi Itumba. Atuganile alimpigia mama yake akiwa hajalala vizuri siku mbili.

"Mama, barua imefika?"

"Imefika, nimesomewa. Ina mwandiko mzuri."

"Na jibu?"

"Wewe binti, tangu lini anayeposwa akauliza jibu? Jibu linakuja. Tulia, omba."

Wiki iliyofuata gunia la vikapu saba lilishushwa stendi kutoka Itumba. Siku hizi Atuganile hakuhitaji kukumbushwa: alivikung'uta vyote, ulezi akaupeleka mashineni ukasagwa, akanywa uji. Jambo hilo mama yake hakulijua. Mwaka mzima Tabita aliamini kwamba ulezi wake unavuka bahari.

Jioni simu ikaita. "Vikapu umevipata? Kile kidogo chenye ukingo mweusi si cha mnada. Ni cha Enoka. Kimfikie kama kilivyo."

Atuganile akatazama kikapu kitupu mezani. Moyo ulimwambia, sema. Aibu ikamziba mdomo. "Sawa, mama."

Akajisemea, ulezi ni ulezi tu, zawadi ni kikapu. Kesho yake Enoka alikuwa forodhani na mizigo, hivyo Atuganile akakiacha kwa Watson, mwenzake Enoka wa kaunta. "Mwambie kimetoka kwa mama, Itumba."

Alisubiri simu ya furaha. Haikuja. Saa kumi alipiga yeye.

"Kikapu umekipata?"

"Nimekipata, Atu. Nimeelewa. Mungu akubariki."

"Umeelewa nini? Enoka? Haloo?"

Hakupatikana tena. Siku ya tatu alikwenda ofisini, akamkuta Watson peke yake.

"Kaomba uhamisho, shemeji. Yuko Nakonde, ofisi yetu ya upande wa pili wa mpaka."

"Ameacha neno?"

Watson alikuna shingo. "Hakuacha. Alikuwa anakipima tu kile kikapu. Kakipima mara tatu."

Nakonde si mbali. Ni kuvuka lango tu. Lakini alipoachwa bila hata sababu, Atuganile aliona lango lile refu kuliko bahari. Alifunga na kuomba. Alipochoka kuomba, alikasirika. Mama alipouliza, "Enoka yupo?" alijibu, "Kahama, mama." Upande wa pili wa simu Tabita akasema polepole, "Basi, mwanangu. Mungu anajua." Hakuuliza tena. Mwezi wa nane kifua kilimbana Tabita usiku mmoja, asubuhi hakuamka.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mama mdogo Gwantwa alikuwa anasugua masufuria ya msiba.

"Wale wa Mbozi hata rambirambi! Na dada aliwajibu ndiyo."

Atuganile akaweka ndoo chini. "Aliwajibu lini?"

"Si kile kikapu? Kwetu posa hujibiwa kwa kikapu, na binti haambiwi. Kikifika na ulezi, binti wamepewa. Kikifika kitupu, wamekataliwa, na kijana hapaswi kuuliza tena. Mshenga wao alielezwa desturi hiyo waziwazi. Nilimwona dada anakijaza mwenyewe, analia kwa furaha, anasema huyu kijana anamcha Mungu."

Atuganile alikaa chini palepale kwenye majivu. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, "Niliunywa," na Gwantwa hakumwelewa.

Ndani, kwenye chungu cha mama yake, ulikuwa umebaki ulezi kidogo. Aliufunga kwenye upande wa khanga, akateremka na basi dogo la kwanza hadi mpakani, akavuka.

Ofisi ya Nakonde ilikuwa chumba kimoja. "Mwapoleni, mukwai," Enoka alisalimia kwa Kibemba bila kuinua kichwa. Alipokiinua, aliona kitambaa cheusi kichwani mwa Atuganile.

"Nani?"

"Mama."

Alizunguka kaunta, akasimama hatua moja mbele yake, hakujua aweke wapi mikono. "Sikuambiwa. Watson hakujua?"

"Hakuna aliyejua. Kikapu kiko wapi?"

Kilikuwa juu ya rafu, nyuma ya mizani. Akakishusha, akakiweka juu ya mizani. "Gramu mia mbili na arobaini. Nilidhani labda kuna hata punje moja imenasa. Nilipima mara tatu."

"Kilikuwa na ulezi, Enoka. Nilikikung'uta mimi, pamoja na vya mnada. Mama aliniambia kikufikie kama kilivyo, nikaona aibu kumwambia nilishakikung'uta. Sikujua ni jibu."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kukung'uta," Enoka alisema.

"Amekufa akidhani ninyi ndio mmekataa."

Enoka alimshika mikono, akainamisha kichwa, wakaomba kwa kunong'ona huku dereva mmoja wa lori akisubiri mlangoni, kofia mkononi. Kisha Atuganile alifungua khanga, akamimina ulezi kikapuni. Mizani ikapanda.

"Mshenga wetu, mjomba wangu wa Mbozi, lazima akione," Enoka alisema. "Nitamwambia jibu lilichelewa njiani."

"Tutakipeleka wote."

Kwa mazoea ya kazi akavuta fomu. Kwenye yaliyomo aliandika: ulezi. Kwenye uzito aliandika alichosoma. Alipofika kwenye thamani kalamu ikasimama, akamsogezea yeye.

Atuganile aliichukua kalamu, akairudisha sikioni mwa Enoka.

"Acha wazi," alisema.

Enoka akaikunja fomu kama ilivyo, akaiweka juu ya ulezi, akafunika.