Binti Yangu Alimzomea Dani kwa Ajili ya Juisi ya Pakiti

Nina miaka ishirini na minne. Nasuka nywele Suna, hapa Migori, na shule niliiachia kidato cha pili. Mimi ni mtu wa kucheka, jamani! Hata nikishika kichwa cha nywele ngumu, mawazo yangu yako kwenye saluni yangu ya kesho, vioo ukuta mzima... Kwa hiyo msinihurumie. Nataka tu mmjue mwanamume mmoja na lori lake.

Nitamwita Kevo. Kazi yake ilikuwa kushika maiki juu ya lori la rangi ya chungwa, akiuza juisi ya unga, ile ukitia kwa maji ulimi unabadilika rangi hadi jioni. Chungwa lenyewe halijawahi hata kusalimiana na hiyo juisi! Lakini Kevo alikuwa na mdomo, wasomaji wangu. Alinichumbia, akaniahidi saluni, nami nikameza yote.

Binti yangu Awino ana miaka saba. Alilelewa na mama yangu kule Asumbi, upande wa Homa Bay, mpaka nilipomleta Suna kuanza shule. Yeye humwita mama yangu Dani, yaani nyanya. Wale wawili walikuwa hawaachani. Likizo ikifika, mtoto hata chakula cha njiani hataki, anataka Dani tu.

Kevo hakuuzia watu wazima. Aliniambia mwenyewe, anacheka: "Mtu mzima atauliza imetengenezwa na nini. Mtoto analia tu. Mpe wimbo, yeye atakuletea mama na pochi."

Nilicheka na mimi. Nilidhani ni ucheshi... kumbe ndiyo kazi!

Sasa, sisi Waluo tuna pakruok. Kwenye sherehe muziki unasimamishwa, mtu anajisifu au anamsifu mpendwa wake, halafu anampa mwanamuziki kitu kidogo. Ni furaha tupu. Kevo akaiba hata hiyo! Pale karibu na soko alisimamisha muziki, akaita watoto wajisifu kwenye maiki. Mwenye pakiti mkononi alipanda lorini, akapigiwa makofi. Asiye nayo aliitwa Kavu. Umati mzima wa watoto ulifundishwa kumwimbia mwenzao: "Kavu! Kavu!"

Je, huyo ni mtu mzima, au ni nini? Anavaa fulana yenye chungwa linalotabasamu, anawafundisha watoto wa maskini kuchekana umaskini, halafu jioni anajiita mtaalamu wa mauzo!

Awino alikuwa mtoto wa mchumba, kwa hiyo pakiti hazikumwishia. Alipanda lorini kila Jumamosi. Akaanza kukataa uji. Maziwa akasema yananuka ng'ombe. Siku moja sikumnunulia kitu dukani, akaniangalia machoni, akasema: "Hunipendi. Anko Kevo amesema mama anayependa mtoto wake hununua."

Kwa maiki! Kaambiwa hivyo kwa maiki, mbele ya soko zima! Nililia nikiwa nasuka kichwa cha mtu.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Mama yangu alikuja Migori bila kutuambia, kikapu cha viazi vitamu kichwani. Akasikia muziki, akaona mjukuu wake juu ya lori, maiki mkononi. Akasikia neno pakruok. Maskini, aliamini! Alidhani ni pakruok ya kweli, ya watu. Nilikuwa kibandani kwangu ng'ambo ya barabara, nikamwona anapenya katikati ya watoto huku anapiga vigelegele.

"Nyakwara!" aliita, yaani mjukuu wangu. "Simamisha muziki, kijana! Nataka kumsifu huyu!"

Akatoa kiazi kikubwa kikapuni, akamnyooshea Kevo kwa mikono miwili. Ndiyo heshima yenyewe. Unamsifu mtu wako, unatoa ulichonacho.

Kevo alikiinua kile kiazi juu. "Oneni, watu wangu! Dani ameleta kiazi! Pakiti iko wapi, Dani?"

Soko likacheka. Mama yangu naye akacheka kidogo, akidhani ni utani wa sherehe. Ndipo Kevo akamgeukia Awino. "Haya, malkia, asiye na pakiti tunamwitaje?"

Nilikimbia, wasomaji. Kitana bado mkononi... sikuwahi.

"Kavu!" binti yangu alisema kwenye maiki. Sauti ilitoka nzuri, safi, kama alivyofundishwa. Watoto wakadakia: "Kavu! Kavu!"

 Mama alifunga kikapu chake, akageuka, akaelekea stendi. Nilimfuata nikamshika mkono. Akaniambia taratibu, "Rudi kazini, mama. Mteja wako anangoja."

Na Kevo? Aliniambia nisikuze mambo. "Ni kazi tu, babe. Huyo mathe wako ametuchangamshia soko." Nilimrudishia pete yake palepale. Hata pete ilikuwa inachubuka rangi!

Likizo ilipofika tulikwenda Asumbi. Awino alipiga magoti, akaomba msamaha huku analia. Dani alimwinua, akamfuta machozi, akatupikia kuku. Nikafikiri yameisha... Kwetu mjukuu hulala ndani ya nyumba ya nyanya yake, huko ndiko kwenye hadithi na utani wote. Jioni Awino alibeba blanketi lake, akasimama mlangoni kwa Dani.

"Huyu ni mtoto wa mjini," Dani alisema kwa upole. "Atalala na mama yake."

Heri angetupigia kelele!

Wazazi wenzangu wa Rongo, wa Homa Bay, popote mlipo, lori kama hilo likiingia sokoni kwenu, msikae pembeni mkifurahia muziki wa bure. Si wa bure. Washike watoto mikono muwaondoe pale. Na huyo wa maiki mwambieni akauzie watu wa rika lake kama ni mwanamume!

Mimi na Awino bado tunakwenda Asumbi. Mtoto anateka maji, anafagia ua wa Dani hadi unang'aa, kisha anakaa kwenye kizingiti anangoja aambiwe aingie. Dani humshukuru vizuri kabisa, kama anavyomshukuru mtoto wa jirani.