Lakiri Isiyovunjwa

Mshale ulifika themanini ukagoma.

Sindano alikandamiza pedali mpaka soli ya kiatu ikagusa bati. Land Cruiser haikuongeza chochote. Injini ilikohoa kidogo, ikajipunguzia mafuta yenyewe, ikarudi palepale.

Mbele yake, gari dogo la mizigo la rangi ya kijivu lilikata kona likapotea.

"Sindano, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Mkuu, kwenye redio ya Motorola.

"Kilomita ya kumi na mbili. Ameniacha."

"Amekuachaje? Gari hilo lina injini ya lita nne na nusu."

"Lina kidhibiti mwendo pia, Mkuu. Ule waraka wa magari ya serikali."

"Nani alisaini huo waraka?"

"Wewe."

Redio ilikoroma.

Kwenye kiti cha pembeni, Fundi alicheka bila kutaka, kisha akaziona pingu mikononi mwake na kuacha. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, kucha zimejaa grisi, ovaroli limechanika kwapani. Nusu saa iliyopita Sindano alimtoa uvunguni mwa lori kwenye gereji yake, wakati yule hasa aliyekuwa anamsaka akitokea mlango wa nyuma na kuruka ndani ya gari la kijivu.

Huyo aliitwa Mhandisi. Hakuna aliyejua jina lake jingine. Alikuwa mgeni mwenye mashati safi, na kwa miezi minane aliingiza nchini vidhibiti mwendo vya umeme: visanduku vyeusi, kila kimoja na ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Kazi yake kila dereva aliijua. Gari likifika themanini, kisanduku kinabana mafuta.

Kazi ya pili Idara, watu wa usalama waliomtuma Sindano, waliijua asubuhi hiyo tu, walipofungua kimoja mezani kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na laini ya simu.

Mwenye namba ya laini hiyo angeweza kukiamuru kisanduku kifungue mafuta yote, kisha kisimsikilize tena dereva. Pedali haitasikilizwa. Ufunguo hautasikilizwa, wala gia.

Malori ya mafuta mia tatu na arobaini yalikuwa na visanduku hivyo. Saa hiyo yalikuwa barabarani, mengi yakipita katikati ya miji.

Mhandisi hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa anauza. Mnunuzi wake alikuwa amekaa naye ndani ya gari lile la kijivu, na alitaka kwanza aone bidhaa ikifanya kazi.

Sindano alimuuliza Fundi ni lori gani litajaribiwa.

"Si lori, bosi," Fundi alisema. "Lori la mafuta likilipuka wataunda tume. Basi likianguka, nani anauliza?"

Alieleza yote bila kusukumwa, kama mtu anayetua mzigo. Hakujua habari za laini ya simu, aliapa kwa watoto wake. Wiki iliyopita Mhandisi alimwomba amtafutie basi ambalo lakiri, ule muhuri unaofunga kisanduku, haijawahi kuvunjwa. Fundi alikaribia kumcheka. Kila dereva wa basi alikuwa anapita gerejini kwake, anavunjiwa lakiri, anazungushiwa waya kisanduku kibaki pambo, kisha anabandikwa lakiri mpya kwa ajili ya wakaguzi. Ndivyo kazi ilivyokwenda, tangu enzi za vidhibiti vya zamani. Amri ya Mhandisi ingefika kwenye mabasi hayo na kuishia hewani.

Basi lenye lakiri nzima lilikuwa moja tu.

"Dereva wake ana mambo yake," Fundi alisema. "Wenzake wanamwita Themanini. Nilimwambia, kaka, basi hata nikuonyeshe waya upi ni upi, ujue tu. Akasema hataki kujua, asije akashawishika."

Sindano alikandamiza pedali tena.

Themanini alikuwa mdogo wake. Tumbo moja, ziwa moja. Baba yao alikufa kwenye lori lililokuwa likikimbizana na lori jingine, na siku ya matanga Sindano alimshika yule kijana mabega akamwapisha: akishika usukani, asivuke themanini maisha yake yote. Alikuwa na miaka kumi na saba. Aliapa huku anatafuna mkono wa shati. Tangu hapo hakuvuka.

"Saa ngapi?" Sindano aliuliza.

"Saa nne na nusu. Pale mteremko mrefu unapoanza."

Saa yake ya Casio ilisema saa nne na dakika kumi na tatu.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Alipiga tena. Iliita mpaka ikakata. Alijua kwa nini. Mdogo wake hapokei simu akiwa anaendesha, awe ni mke wake, awe ni tajiri wa basi. Mwaka juzi alipewa habari ya kuzaliwa mtoto wake masaa matatu baada ya kila mtu, kwa sababu alikuwa njiani.

Kwa mara ya kwanza maishani Sindano alitamani mdogo wake awe mhuni.

Fundi alikuwa na namba ya konda wa basi hilo, mwanamke mwenye sauti ya kupita ukuta. Konda alipokea akidhani ni mama mmoja aliyepakia gunia, akaanza kwa kumwambia kwamba mzigo wake uko juu umefungwa, aache kumpigia kila dakika kama mzigo wenyewe unanyonya. Sindano alimkatiza. Alimwambia yeye ni dada wa dereva, na dereva asimamishe basi sasa hivi, kabla ya mteremko.

Konda alisema mteremko wameshauanza.

Nyuma ya maneno yake, injini ilinguruma.

Haikunguruma kama gari linalopanda. Ilipiga kelele moja, ndefu, isiyoshuka.

Saa nne na dakika kumi na saba. Mhandisi ameona anafuatwa. Ameharakisha.

"Konda. Niweke kwenye spika."

Ikasikika sauti ya mdogo wake, akiwaambia abiria wakae wote na wafunge mikanda, yule mzee wa mbele asaidiwe. Kisha akauliza ni nani kwenye simu.

"Ni mimi."

"Dada. Gari limeshika mafuta lenyewe. Nimezima ufunguo, halizimiki."

"Najua. Konda ataingia chini ya dashibodi. Wewe shika njia."

"Nimeshika."

Konda alivunja lakiri kwa meno. Sindano alimsikia akitema. Alikuta nyaya tano, mbili zikiwa nyekundu. Fundi alifumba macho. Hicho ni kisanduku cha shehena ya kwanza, alisema, rangi zilichanganywa. Mwekundu mmoja ndio roho ya kisanduku. Mwingine ni wa breki. Akiuvuta huo kwa makosa, hakuna tena kinacholishika basi. Inabidi konda aufuate kila mmoja kwa kidole mpaka unapoingilia, aseme anachoona.

Konda akaanza kufuata. Alisoma kama mtoto anayesoma herufi, polepole, huku basi likimrusha.

Redio ikalia.

"Sindano. Droni yetu imelipata gari la kijivu. Limesimama kituo cha kutazamia bonde, kilomita tatu mbele yako. Amefungua orodha ya malori yote. Anaweza kutuma wakati wowote."

"Sawa."

"Mkubwa wa mitambo ya simu yuko kwenye laini nyingine. Anaweza kuzima mtandao nchi nzima. Uliza huyo fundi wako, mtandao ukizimwa, visanduku vinakufa?"

Fundi alisikia. Alitikisa kichwa na kuitikia kwa wakati mmoja. Havitapokea amri mpya, alisema. Ila kilichokwishapokea kitaendelea.

Sindano aliyarudia maneno hayo kwenye redio, neno kwa neno. Sauti yake ilikwenda nyoofu, bila kutetemeka. Ndiyo sababu walimpa jina hilo.

"Basi nazima," Mkuu alisema.

"Nipe dakika moja."

"Ya nini?"

Mkuu hakujua. Hakuna aliyejua Idarani kama Sindano ana mdogo wake au hana. Ndivyo walivyofundishwa kuishi.

Lori la mafuta lilitokea upande wa pili. Dereva wake, mtu mnene mwenye kofia ya sufi, alimpungia mkono kama madereva wanavyopungiana. Likapita. Nyuma yake kulikuwa na jingine, na jingine.

"Huu wa kwanza unaingia juu," konda alisema. "Wa pili... ngoja. Wa pili umepita nyuma."

"Dada," mdogo wake alisema. "Breki zimeanza kunuka. Mwambie fundi afanye haraka kidogo."

Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba kupishwa mlangoni.

"Sindano," Mkuu alisema. "Kidole chake kiko kwenye orodha."

Fundi alikuwa anahesabu kwa midomo. Sindano alimtazama. Bado, macho ya Fundi yalisema. Bado.

Alibonyeza redio.

"Zima."

"Wa nyuma!" Fundi alisema. "Wa pili, uliopita nyuma!"

"Mdogo wangu, mwambie konda avute wa..."

Kimya. Hata mlio wa kukatika haukutoka. Skrini ya Samsung iliandika kwamba hakuna huduma.

Kilomita tatu kwa mwendo wa themanini ni dakika mbili na robo. Sindano alizipita zote akiwa amekandamiza pedali mpaka chini. Fundi alikuwa bado anasema ule waya, taratibu, akiielekezea dashibodi iliyokuwa mbele yake. Wa nyuma. Wa nyuma.

Gari la kijivu lilikuwa limeegeshwa vizuri, katikati ya mistari. Mhandisi alisimama kando yake, kompyuta juu ya boneti, mkono mmoja umeinua simu hewani akiizungusha huku na huku, kama mtu yeyote anayetafuta mtandao. Mnunuzi, mzee mwenye suti na darubini shingoni, alikuwa anatazama bondeni.

Sindano alishuka na Glock mkononi.

Risasi ya kwanza ilipasua tairi la mbele. Ya pili ilitoboa kompyuta. Ya tatu haikuhitajika.

Mhandisi alishusha simu polepole. Alikuwa na adabu.

"Kumbe mtandao umekatika?" aliuliza.

"Kwa wote," Sindano alisema.

Pingu alikuwa nazo jozi moja tu. Alimfungua Fundi, akamfunga Mhandisi na mnunuzi mkono kwa mkono, akipitisha mnyororo kwenye reli ya chuma ya kando ya barabara. Aliripoti kwa redio. Bidhaa zote mbili zimefungwa, njooni mchukue, washeni mtandao.

Fundi angeweza kukimbia. Alirudi akakaa kwenye kiti chake.

Mtandao uliporudi, Sindano alipiga namba ya konda. Iliita. Hakuna aliyepokea.

Kutoka hapo mteremko ulionekana wote. Chini kabisa kulikuwa na vumbi lililosimama.

Walipokuwa wakishuka bondeni, Mkuu alimpongeza kwa redio. Malori yote mia tatu na arobaini yalikuwa salama. Vijana wangevitoa visanduku kimyakimya ndani ya wiki mbili, kwa kisingizio cha ukaguzi. Habari hii haitoki, alisema. Watu wakijua, kesho hakuna atakayepanda gari. Kisha akauliza kama kuna lolote la kuongeza.

"Hakuna," Sindano alisema.

Abiria walikuwa wamekaa kwenye nyasi kando ya barabara. Arobaini na mmoja. Wengine walikuwa na damu usoni, wengine walikuwa wanatafuta viatu vyao. Mama mmoja alikuwa anawahesabu wanawe kwa kuwagusa kichwa, akimaliza anaanza upya. Basi lilikuwa limelala kwenye ukuta wa udongo, upande wa kulia, upande wa dereva. Upande huo haukuwepo tena.

Walikuwa wameshamtoa. Walimfunika kwa pazia la dirisha la basi.

Konda alikaa peke yake, mkono mmoja ameufunga kwa kanga. Alimtambua Sindano kwa sauti, alipomwuliza anaumia wapi. Alisema simu ilipokatika alikuwa ameshika nyaya mbili, kila mkono na wake, akisubiri. Alimwuliza dereva avute upi. Dereva alimwambia aache, hakuna haja ya kubahatisha na roho za watu. Alimwambia aende awakalishe abiria wote upande wa kushoto, kwa nyuma, washikane. Alipomaliza kuwapanga, akageuka kumwambia tayari, ndipo dereva alipolilaza basi ukutani.

Akafuta pua kwa bega.

"Mtandao wetu huu, dada," alisema. "Siku zote unakukata palepale. Ulikuwa unasema upi?"

Fundi aligeukia upande mwingine.

"Sikuwa nimejua bado," Sindano alisema.

Konda aliitikia kwa kichwa. Ilionekana kama kitu kimepungua mabegani mwake.

Trafiki alikuja na fomu yake kwenye ubao. Alikuwa kijana mpole, kofia ameishika kwapani kwa heshima ya marehemu. Alisema anahitaji ndugu wa kusaini, akauliza Sindano ni nani wake.

"Dada yake."

Alimpa pole. Aliuliza kama marehemu alikuwa na mazoea ya kukimbiza gari. Wanauliza tu, ni swali la kwenye fomu. Lakiri ya kidhibiti mwendo wameikuta imevunjwa, alieleza, na alama za matairi haziongopi. Ameona ajali nyingi za namna hii.

Sindano alisoma fomu yote. Mahali penye chanzo cha ajali pameandikwa kwa mwandiko mzuri: mwendo kasi, uzembe wa dereva.

Alisaini.

Alirudisha kalamu, akashukuru. Aliinama pale kwenye pazia, akalivuta kidogo lifunike viatu. Kisha akatembea kuelekea kwenye gari, hatua zimenyooka, bila kugeuka. Aliyekuwa mbali angedhani ni ofisa amemaliza kazi yake na anawahi nyingine.